Risala Iliyojengwa kwa Mashine Tatu

Jumatatu, 3 Juni 2002

Baridi. Nimevaa sweta mbili na bado natetemeka, ingawa leo si baridi peke yake. Kikao cha Umoja wa Elimu Lizaboni kilifanyika sebuleni kwa mwenyekiti wetu, Mzee Romanus, katikati ya magunia ya mahindi na zile kompyuta tatu tulizoletewa na wafadhili. Wafadhili wameandika barua. Tusipopata chumba cha kuziweka hadi mwisho wa mwezi, zinahamishiwa Mbinga. Mbinga! Chai ilinimwagikia gotini na sikuisikia.

Mzee Romanus akasema tulia. Bwana Chande, mfanyabiashara wa mbolea aliyenunua lile ghala la zamani la ushirika, amekubali kuwa mgeni rasmi tarehe 15. Tutamsomea risala, na ndani yake tutamwomba chumba kimoja cha ghala.

Chumba kikipatikana, kituo kitahitaji mkuu. Nani mwingine zaidi yangu? Nilikuwa karani wa ushirika miaka kumi na tisa kabla ya kupunguzwa kazi, na nina cheti cha kompyuta cha Dar es Salaam, cha miezi mitatu mizima. Mpinzani ni mmoja tu, Mwalimu Careen wa Mjimwema, anayefundisha hesabu na kuchapa bila kutazama vidole. Kujionyesha tu.

Kamati imeamua risala tuiandike sisi wawili, na mimi ndiye nitakayeisoma kwa sababu nina sauti. Shida ni kwamba risala ya mwaka jana ilipita mikononi mwa watu saba. Aya yangu nzima ilitoweka, na hadi leo hakuna aliyekiri. Safari hii nina dawa. Kuna programu inaitwa CVS. Inatunza kila badiliko: nani kagusa, siku gani, neno lipi. Careen akifuta hata nukta yangu, nitamshika mkono. Kamati nimeiambia ni kwa ajili ya usalama wa maandishi.

Jumatano, 5 Juni

Fundi Abdulswamadu, mtu wa Tunduru mwenye kibanda cha redio na kompyuta pale sokoni, aliniambia anayo CVS tayari kwenye disketi. Ataiweka tu, dakika tano, kazi imekwisha. Nikamwambia hapana. Ninayo CD yenye maandishi ya asili ya programu yenyewe, yale yanayojengwa ndipo yawe programu, na nitaijenga kwa mikono yangu, mashine moja baada ya nyingine. Akaniuliza nitapata faida gani. Nikamjibu kwamba mwenye jiko hali mgahawani. Akasema inshallah, akaendelea kulehemu redio.

Kompyuta zetu ni za aina tatu, kila moja na mfumo wake; nimeanza na ya Linux. Programu kwanza inaikagua mashine: hiki kipo, kile kipo, kile kipo. Nikajisikia daktari. Ghafla ikasimama na kusema haioni kompaila. Kumbe ndiyo programu inayojenga programu nyingine, na humu ndani haikuwekwa. Nilipigwa na butwaa. Ni sawa na kumwita mwashi halafu unagundua hana mwiko. Nimerudi sokoni kwa Abdulswamadu kuomba kompaila. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi.

Alhamisi, 6 Juni

Kompaila ipo. Ujenzi ukaanza vizuri, mistari inapanda kwenye skrini, Mzee Romanus anatazama kwa heshima. Umeme ukakatika.

Uliporudi saa nane, nilishtuka hadi nikasimama. Mashine inasema leo ni tarehe mosi Januari 1980. Inasema pia kwamba mafaili yangu yametoka wakati ujao. Nimeisoma mara tatu, ikarudia vilevile. Mzee Romanus alifanya ishara ya msalaba akaenda kuwatazama mbuzi.

Ni betri ya saa ya ndani ya mashine tu, imekufa. Abdulswamadu aliniambia kupitia simu ya duka la jirani. Nimerekebisha tarehe kwa mkono na jioni CVS ikakubali kujengeka. Nimemweleza mke wangu Lidwina kwamba nimejenga programu. Akauliza kama ninaweza pia kujenga mlango wa jiko.

Jumamosi, 8 Juni

Leo ilikuwa zamu ya kompyuta ya Windows, ambayo ndiyo ya Careen. Humo ukitaka kujenga kutoka maandishi ya asili, kwanza unaweka Linux ya bandia ndani ya Windows. Wakati wa kuiweka iliniuliza swali refu la Kiingereza kuhusu miisho ya mistari, nichague jibu moja kati ya mawili. Mzee Romanus alikuwa nyuma yangu akiangalia. Mtaalamu hasiti mbele ya mwenyekiti. Nikachagua la kwanza.

Ikajengeka. Hakuna kosa hata moja. Nilijishangaa mwenyewe.

Nimemfundisha Careen: kila ukimaliza, unakabidhi kazi yako kwenye ghala la maandishi lililopo kwenye Linux, na kila ukianza unaomba yaliyo mapya. Aliandika yote kwenye daftari. Akauliza: tukiandika sentensi moja kwa wakati mmoja, yeye na mimi, programu itachagua ya nani? Nikamwambia inachagua iliyo bora. Akasema asante kaka Valence. Simwamini mtu anayeshukuru upesi hivyo.

Ya tatu ni Makintoshi, ya bluu, mviringo kama boga. Nayo haina kompaila, inataka CD nyingine ambayo wafadhili hawakuleta. Nimeifunika kwa kitambaa cha mezani na kuiambia kamati kwamba imekamilika.

Jumanne, 11 Juni

Sijawahi kushtuka hivi tangu barua ya kupunguzwa kazi.

Asubuhi nimeomba yaliyo mapya. Risala ina mistari sitini na miwili. Programu inaonyesha Mwalimu Careen amebadili mistari sitini na miwili. Yote! Hadi ule unaosema "Ndugu Mgeni Rasmi". Niliita kikao cha dharura. Nikasimama, nikasema kuna watu tunakula nao sahani moja kumbe wanatuchimbia. Nikasoma taarifa ya mashine kwa sauti, tarehe, saa, jina. Mzee Romanus akavua kofia. Careen akasema ameongeza mkato mmoja, mstari wa tisa. Nikamwambia hesabu ni somo lako, mwalimu, sitini na mbili si moja.

Akaitwa Abdulswamadu. Akaziweka risala mbili bega kwa bega na kuzisoma neno kwa neno mbele ya watu wazima. Zilifanana, isipokuwa mkato mstari wa tisa. Akaeleza kwamba Windows hufunga mistari kwa namna yake na Linux kwa namna yake, na aliyejenga programu hii alijibu vibaya lile swali la miisho ya mistari. Hivyo kila faili likipita kwa Careen, kila mstari unafungwa upya kwa alama isiyoonekana. Wote wakanitazama.

Nimeomba radhi. Careen alisema yameisha, kaka, hata mimi ningeshtuka. Halafu akanitolea kiti nikae. Wema wa namna hiyo mbele ya kamati una lengo lake.

Abdulswamadu ameirekebisha. Nimeendelea kuwa msomaji.

Ijumaa, 14 Juni

Kesho ndiyo kesho.

Leo asubuhi nimeandika upya aya ya nne, ile ya kumwomba chumba. Nimemwita Bwana Chande mzazi wetu, mlezi wetu, mwembe wenye kivuli, mkono usiochoka kutoa. Hajawahi kutoa kitu, lakini risala ni risala. Nikaenda kukabidhi. Programu ikakataa. Inasema kuna mwenzangu amekwisha kabidhi aya hiyohiyo, kwanza niombe yake.

Nikaiomba. Ikaandika herufi C mbele ya jina la faili, na risala ikawa ndefu kuliko mwanzo. Nilifurahi. C kwenye mtihani ni kufaulu, na si kufaulu kubaya. Mimi Kiingereza nilipata D.

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu na umeme huondoka saa kumi na mbili. Nikachapa nakala moja upesi, nikaikunja kabla wino haujakauka, nikaitia kwenye bahasha na kuifunga kwa gundi. Juu nimeandika: isifunguliwe ila mbele ya mgeni rasmi. Sasa hakuna mkono utakaoigusa. Careen alipita akaomba aisome mara moja tu kwa kuhakiki. Nikamwonyesha maandishi ya juu ya bahasha.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika hili nikiwa nimekaa kitandani na viatu.

Uwanja ulijaa. Kwaya iliimba. Bwana Chande alifika na gari mbili na koti la kijivu. Nikaitwa. Nikaichana bahasha mbele ya macho yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaona watu makini. Nikasoma kwa ile sauti yangu. Aya ya kwanza, ya pili, ya tatu, makofi.

Aya ya nne ilianza na mishale saba midogo ikitazama kushoto. Nikakohoa, nikairuka. Mzazi wetu, mlezi wetu, mwembe wenye kivuli, mkono usiochoka kutoa. Makofi. Chini yake nikakuta alama saba za sawasawa, mstari mzima. Kinywa kilikuwa kimeshika mwendo. Nikasema sawa, sawa, sawa. Uwanja ukaitika sawa. Nikaendelea.

Ndugu Mgeni Rasmi, miaka miwili iliyopita, katika uwanja huu huu, ulituahidi chumba. Tulikupigia makofi. Hadi leo hatujakiona. Kila mwezi tunakuja ofisini kwako na tunaambiwa umesafiri. Watoto wa Lizaboni wanajifunza kompyuta kwa picha ya ubaoni. Hatukuombi leo utuahidi tena. Tunakuomba ufunguo.

Niliyasikia masikioni mwangu kwa sauti yangu mwenyewe. Ningeweza kunyamaza katikati. Sijui kwa nini sikunyamaza. Miaka kumi na tisa nimesoma kilichoandikwa. Mwisho kulikuwa na mishale mingine saba, ikitazama kulia, na namba ya toleo, 1.14. Nikasoma na hiyo pia.

Nilisikia jogoo wa jirani. Mzee Romanus alikuwa anatazama viatu vyake. Kumbe hiyo ndiyo maana ya C. Programu haikuchagua iliyo bora, iliziacha zote mbili na kuweka alama ili mtu mwenye akili achague. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Bwana Chande akasimama. Akauliza ni nani ameandika haya. Nikasema kwa sauti ile ile ya risala kwamba sehemu ya kwanza, ya mwembe, ni yangu mimi Valence. Hiyo nyingine imeandikwa na Mwalimu Careen peke yake, bila ridhaa yangu, na programu inao ushahidi wa siku na saa. Nikamnyooshea kidole. Mzee aliyeketi mbele akasema aibu, na nilifikiri anamwambia Careen.

Careen akasimama. Akasema shikamoo mzee, ni mimi, na kila neno ni kweli.

Bwana Chande akasema amekuwa mgeni rasmi mara nyingi kuliko anavyokumbuka na ameitwa mwembe kila mara. Ameaibika, na afadhali aaibike leo kuliko kesho. Akamwita dereva wake, akaletewa funguo zake, akachomoa wa ghala kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu wote. Akasema chumba ni chetu, kwa sharti moja: mkuu wa kituo awe yule ambaye mwenzake amemnyooshea kidole.

Uwanja ulilipuka. Watu walimbeba Careen. Nilibaki na kipaza sauti.

Lidwina aliniuliza njiani ingekuwaje kama ningesema niliyeandika yote ni mimi. Sikuandika mimi.

Jumatatu, 17 Juni

Nilikaa ndani jana na sikwenda hata misa. Leo Careen kaja nyumbani na ndizi. Anataka niwe msaidizi wake, mtunzaji wa mashine. Alisema programu ile ni nzuri na yeye peke yake asingeweza kuijenga. Nilikuwa nimeandaa maneno makali tangu Jumamosi, nikayatafuta, nikakuta yameniishia. Machozi yalinitoka kidogo. Nimekubali. Nimemwahidi sitagusa kitu bila kumwambia.

Jumapili, 30 Juni

Kituo kinafunguliwa kesho saa mbili, wanafunzi ishirini wa mwanzo. Chumba kimepakwa chokaa. Careen ameniachia ufunguo baada ya misa nifagie na kufuta vumbi.

Nimefikiri sana wiki hizi mbili na nimegundua kosa lilikuwa wapi. Mashine ni za aina tatu. Windows inafunga mistari hivi, Linux vile, na boga halina kompaila. Zingekuwa za aina moja, yale ya uwanjani yasingetokea na leo mkuu wa kituo angekuwa mwingine. Nimeamua kuzitia zote Linux, na juu yake nijenge CVS upya, toleo jipya kabisa, kutoka maandishi yake ya asili. Abdulswamadu alipita akasema anazo CD kamili za Linux, nimsubiri hadi jioni. Nikamwambia sina haja. Ninayo yangu.

Saa saba nimefuta zote tatu pamoja, ili kuokoa muda. Saa nane CD yangu imefika nusu na kuomba CD ya pili. Nimeshtuka. Sikujua kuwa kuna ya pili, na bila hiyo hizo mbili nyingine hazifanyi kazi. Boga nalo haliwaki kabisa, na CD yangu hailitambui.

Careen kapiga hodi sasa hivi, ana maua ya mezani. Ameuliza kama mashine ziko tayari kwa ajili ya watoto. Nimemjibu kutoka ndani, mlango ukiwa umefungwa, kwamba asiwe na wasiwasi, zote tatu sasa zinafanana. Na hilo ni kweli.