Miezi Miwili Juu ya Mji wa Mbinguni

Jumapili. Ukungu tangu asubuhi, na ile baridi ya huku kwetu Kibirichia ya kuingia mpaka ndani ya soksi.

Leo nimeumbuka. Na si kwa siri, ni mbele ya kanisa zima.

Mnajua mimi hupenda vile vitabu vya zamani vya hadithi za safari za anga. Nanunua kwa muuza vitabu vya mitumba pale Meru mjini. Ndani sisomi (Kiingereza changu huchoka ukurasa wa pili). Napenda majalada. Mbingu ya rangi ya machungwa, minara imechongoka kama sindano, na chini kabisa mtu mmoja mdogo, ametugeuzia mgongo, anatazama juu. Huyo mtu mdogo ndiye hunimaliza. Mchoraji akishamweka pale, mji wote unakuwa mkubwa.

Sasa, kamati ya kanisa ilitaka mji wa mbinguni uchorwe ukutani nyuma ya madhabahu, maana Jumamosi kuna harusi na picha zitapigwa hapo. Mama yangu, mwenyekiti wa akina mama, akasimama akawaambia mwanawe anaweza. (Mimi sikuwa na uhakika. Lakini utamkatiza mamako mbele ya wazee?) Nikachukua jalada ninalolipenda zaidi, nikalinakili. Roketi nikazigeuza nguzo. Yule mtu alikuwa amevaa kofia ya kioo, ya duara; nikaipaka dhahabu, ikawa mwanga wa utakatifu. Nikajiona mjanja.

Leo kwa ibada sikutulia. Nakaa, nasimama, natoka nje kama mtu anayesumbuliwa na tumbo. Nilihisi kuna kitu nimesahau na sikijui. Mwishowe pasta akavuta pazia lililofunika mchoro.

Kisha akina mama wakapiga makofi, na kwa muda mfupi mimi nilikuwa mchoraji.

Mzee Kirimi, mzee wa kanisa na mkulima wa viazi, akainua mkono. Nitasema haki: aliuliza kwa adabu.

"Mutwiri, hii miezi miwili ni ya nini?"

Nikatazama. Kweli, miwili. Kwenye jalada ilikuwa miwili, na mkono wangu ukafuata tu.

"Mmoja ni jua, mzee." (Sijui nani alinituma.)

Akafungua Ufunuo bila haraka, akatusomea kwamba mji ule hauhitaji jua wala mwezi. Kwa hivyo hata mmoja ulikuwa umezidi, na juu yake nimeongeza uongo kanisani. Nikajitetea kwamba hayo yanafutika, mengine yote yako sawa. Heri ningenyamaza. Mzee alivaa miwani, akasogea ukutani, akamwinamia yule mtu mdogo. Mgongoni nilikuwa nimemwachia mtungi wake wa hewa, na mpira wake umepita begani.

"Na huyu mtakatifu amebeba pampu," akasema. "Kumbe hata mbinguni tutapiga viazi dawa?"

Kanisa likavunjika mbavu. Hapa kwetu kila boma lina pampu ile ya dawa, ya kubeba mgongoni. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Pasta alijificha nyuma ya Biblia. Bibi harusi wa Jumamosi alikuwa anafuta machozi, na siwezi kusema kwa hakika yalikuwa ya kicheko. Mama peke yake hakucheka. Aliangalia viatu vyake. Wengine wote nilikuwa nimewavumilia, lakini hilo lilinishinda.

Halafu Mama akasimama. "Miezi itafutwa, na pampu pia," akasema. "Huyo mtu abaki. Anaangalia juu vile mimi huangalia nikiomba."

Wazee wakakubali, mradi kazi aisimamie Mama mwenyewe mpaka Ijumaa. Njiani alinitangulia.

Jioni tumekula githeri ya mahindi na maharagwe, iliyokaangwa na kabeji. Mama aliombea chakula mpaka kikapoa. Akaombea na wachoraji wote duniani, wanaojua na wanaobahatisha. Nikaitikia amina kabla ya wengine.