Maombi ya Ukimbizi kwa Kompyuta Yetu ya Muhumba

Bukavu, mtaa wa Muhumba, Februari 2002

Kwa Tonton Firmin, huko Liège,

Tonton mwenye kuheshimiwa,

Mimi Polycarpe, mtoto wa dada yako, assistant katika chuo kikuu, nakuandikia nikiwa na afya njema na malalamiko. Yanahusu kompyuta uliyotutumia kwa ndege mwaka jana, ambayo tulikwenda kuipokea kwenye uwanja wa Kavumu kama watu wanaopokea askofu. Nakuandikia kwa mkono, kwa sababu ambazo utazielewa.

1. Mashine hii inafanya kazi ambayo hakuna aliyeituma. Nikikaa mbele yake kuandika sentensi moja, feni inaanza kunguruma kama lori linalopanda mlima wa Kadutu, na herufi ninazopiga zinatokea wakati nimekwisha kusahau nilitaka kusema nini. Gaston, mwenzangu wa ofisini, alinionyesha dirisha dogo lenye mstari wa kijani unaopima kazi ya prosesa, ule ubongo wa mashine. Mstari ukiwa chini, mashine imepumzika. Ukifika juu, kwenye asilimia mia, imeelemewa. Wetu unapanda hadi mia, unashuka kidogo kuvuta pumzi, unapanda tena. Tangu siku hiyo siandiki kitu, naangalia mstari. Mke wangu Cibalonza, ambaye unajua anafundisha hesabu kwenye lycée, anasema hata alipolazwa na malaria sikumwangalia hivyo.

2. Sikukaa bure. Niliifungua nikaipangusa vumbi kwa unyoya wa kuku. Niliihamishia dirishani ipate hewa ya ziwa. Kisha nikaamua kwamba ni virusi. Ilikuja na programu yake ya kuwinda virusi. Nikaongeza ya pili, niliyopewa na Gaston. Hali ikawa mbaya zaidi, jambo lililonihakikishia kwamba virusi vimekasirika. Nikanunua ya tatu sokoni Kadutu, kwenye CD ambayo muuzaji aliniapia kwamba inatumiwa na majeshi. Baada ya hapo mstari haukushuka tena.

3. Nikawaza kwamba labda mzigo ni wa kwangu mwenyewe. Nilifuta sura ya pili ya tasnifu yangu. Prosesa haikuona tofauti. Profesa wangu naye hakuona tofauti.

4. Hili ndilo linaloniuma. Watu waliokimbia vita kule Shabunda wanalala katika ukumbi wa parokia yetu, na watoto wao walianza kuharisha. Padre wetu, Abbé Pascal, aliniomba nipige kwa kompyuta barua ya kuomba dawa, iondoke na ndege ya mchana huo huo. Nilivaa koti kwa heshima ya kazi hiyo. Mashine ikakwama kwenye neno "Tunaomba". Abbé alikuwa mlangoni na kofia yake ya pikipiki mkononi, mimi nikimweleza asilimia. Cibalonza alitusikiliza kidogo, akachukua kalamu. "Toka pale, Polycarpe," akasema. "Bale batoto habawezi kungojea mashine yako." Akaiandika yote akiwa amesimama.

Kwenye kizuizi cha Miti, njiani kwenda uwanja wa ndege, askari walikuwa wakichana kila karatasi iliyopigwa mashine, kwa kuwa hiyo ni siasa. Walipoona mwandiko mzuri wa mwanamke walisema ni barua ya mapenzi, wakamcheka Abbé na kumpisha. Dawa zikafika. Watoto wamepona. Parokia nzima inafurahi, na mimi nikipita wananiuliza mashine inaendeleaje, kwa sauti ile ya kumuulizia marehemu.

5. Kwa hiyo nimefikia hukumu yangu ya kisomi: mashine si mgonjwa, imechoshwa na vita. Ilikulia Ubelgiji, mahali ambapo courant ya umeme haikatiki. Nakuomba, Tonton, uende mwenyewe kwenye ofisi inayohusika uiombee hifadhi ya ukimbizi. Kwa kuwa haiwezi kusafiri peke yake, iandikiwe msindikizaji mwenye diplome, aliyezoea kelele yake. Msindikizaji huyo utamtambua. Kwa kuwa hajui kupika, aandikwe pia mke wake. Na kwa kuwa mke wake amekataa kuacha wanafunzi katikati ya mwaka, liandikwe na darasa lake la tano, lote, pamoja na ubao.

Nikiwa na tumaini kwamba utalishughulikia jambo hili kabla prosesa haijazimia, nabaki mtoto wako mtiifu. Tusalimie Tantine Clémence, watoto, majirani zenu, hata yule mbwa wenu mwenye daktari wake. Huku wanakusalimu mama, dada yangu Bintu na mume wake, Abbé Pascal, na Gaston ambaye anajuta.

Polycarpe

N.B. Nilimpa Cibalonza barua hii aisome kabla ya kufunga bahasha. Alipofika kwenye ukimbizi aliiweka mezani. Alikwenda kwenye mashine, akabonyeza neno lililoko juu ya ule mstari wa kijani, ambalo mimi sikuwahi kulibonyeza, na majina ya programu zote zinazofanya kazi yakatokea. Tatu zilikuwa zimekula prosesa yote.

"Hawa batatu ni banani?" akaniuliza.

"Ni balinzi."

"Banalinda nini?"

Virusi hakuna hata kimoja, Tonton. Kila mlinzi alikuwa akipekua mifuko ya walinzi wenzake, mchana kutwa. Cibalonza akaondoa wawili. Mstari ukalala chini kabisa, feni ikanyamaza, na kwa mara ya kwanza tangu mashine ifike tukasikia vizuri bunduki zinazolia upande wa milima.

Tulikaa tukizisikiliza. Kisha akanishika mkono, akaniambia polepole, "Rudisha mulinzi moja."

Nimewarudisha wote wawili.