Pacha Mbaya Ni Nani?

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Nimeipata! Ilikuwa ghalani mwa sinema yetu, chini ya makopo yenye kutu: ile filamu ya kutisha ya zamani, ya ndugu pacha katika jumba la mawe, mmoja kamfungia mwenzake chini ya sakafu. Hakuna anayeikumbuka isipokuwa mimi na pacha wangu. Tuliitazama mara tisa utotoni. Huu mwaka wa sita hatusemezani. Nilimwambia mbele ya wakwe zake kwamba yule pacha mbaya ndiye yeye. Utani tu! Akanuna. Nimemkumbuka mno. Lakini niombe radhi mimi? Alinitangulia kuzaliwa kwa dakika kumi. Mkubwa ndiye aanze.

Jumatano, tarehe 6 Machi
Meneja wa sinema kakubali ionyeshwe Jumamosi alasiri. Nimebandika matangazo ishirini. Akauliza kwa nini yote yako mtaa mmoja, tena yanatazamana na kibanda cha fundi viatu. Nikamwambia huko ndiko waliko wapenda filamu. Fundi viatu ni pacha wangu, lakini hilo meneja halimhusu.

Ijumaa, tarehe 8 Machi
Mama mkata tiketi kanishauri niende tu kumsalimu, yaishe. Hana mikakati yule.

Jumamosi, tarehe 9 Machi
Watazamaji sita. Wa sita ni yeye! Kanenepa. Mvi zimemwanzia palepale ziliponianzia mimi. Nilimkodolea macho kupitia tundu la chumba cha mashine hadi nikaweka mkanda wa nne kabla ya wa tatu. Pacha mwema akazikwa, kisha akaoa. Akacheka mtu mmoja tu, kicheko changu kabisa, kikitoka kiti cha nyuma. Jinsi nilivyotamani kushuka! Lakini ngazi zenyewe ni kumi na nne tu, apande yeye. Nikakaa nafuta lenzi. Hakupanda.

Jumapili, tarehe 10 Machi
Mkata tiketi kanieleza yote. Watazamaji wengine walipotoka, pacha wangu alibaki kitini. Akauliza kama mwendesha mashine huwa anashuka. Akajibiwa kuwa hushuka. Basi akasubiri saa nzima, mpaka ukumbi ukafagiwa, hadi chini ya miguu yake. Alipoinuka akasema, “Mwambie nilikuja. Ila pacha mbaya ni yeye.”

Nimelia, sifichi. Saa nzima ndugu yangu alikuwa pale chini ananingoja!

Meneja kakubali tuirudie Jumamosi ijayo. Nimeshafagia ngazi zote kumi na nne, nikatandika zulia na kubadilisha balbu. Safari hii hana kisingizio cha kutopanda.