Jina la Mwisho kwenye Ubani wa Mzee Inokuma

Jumatatu, 4 Machi

Nimegundua siri ya kupanda cheo. Imenichukua miaka thelathini na moja ya utumishi, na mwisho wa wiki mzima wa kusoma kitabu cha historia ya kampuni, kile kizito ambacho kila mfanyakazi hupewa na hakuna anayekifungua.

Watu hudhani wakurugenzi wakuu wa kampuni yetu ya pampu walipanda kwa sababu ya vyuo walivyosoma. Uongo. Mmoja alisomea ufugaji wa nyuki. Wengine husema siri ni kupelekwa tawi la ng'ambo. Uongo pia. Mmoja hakuwahi kuvuka hata maji ya kwenda kisiwa jirani cha Shikoku. Nimewachunguza wote wanne, na kitu kimoja tu kinawaunganisha: kila mmoja, kabla ya kupanda, alikuwa mkuu wa mapokezi kwenye ibada ya kampuni ya kumuaga bosi aliyefariki. Picha zipo. Wamesimama mezani, kitambaa cheusi cha msiba kimefungwa mkononi, wakipokea kadi za majina za wageni, nyuso zimejaa huzuni na matumaini.

Na mwenyekiti wetu, Mzee Inokuma, amefariki mwezi uliopita. Familia ilishamuaga faraghani. Ibada ya kampuni ni tarehe 22, hapa hapa mjini Himeji.

Najua inavyosikika. Marehemu anisamehe. Lakini mwezi wa saba natimiza hamsini na tano, na kwetu mkuu wa idara akikaribia umri huo bila kuwa mkurugenzi, huvuliwa cheo na kupelekwa kampuni tanzu. Uteuzi unatangazwa tarehe 25. Baada ya hapo hakuna mwingine kwangu.

Kwa hiyo: meza ya mapokezi. Lazima.

Jumatano, 6 Machi

Balaa! Meza ya mapokezi amepewa Dobashi.

Dobashi ni mkuu wa idara ya mauzo. Mimi ni mkuu wa idara ya ukaguzi wa ubora. Yeye anauza pampu, mimi nazikataa. Hatujawahi kupendana. Ni mzaliwa wa Himeji, ana sauti ya bomba na meno mazuri, na kila ninapoingia kwenye lifti yumo ndani tayari, ananishikia mlango kama mwenye nyumba. Mdogo wangu kwa miaka mitatu. Ana muda wa kusubiri, lakini hasubiri.

Nilimfuata Bwana Wakisaka, mkurugenzi wa utawala, ambaye ndiye anayepanga ibada yote. Nikamwambia kwa unyenyekevu kwamba niko tayari kwa kazi yoyote, hasa ile ya kusimama karibu na mlango. Akasema ataniangalizia. Akauliza kama nina maumivu ya mgongo, maana nilikuwa nimeinama muda mrefu. Nikasema ni majonzi.

Jumapili, 10 Machi

Leo sikuwa na pa kwenda.

Niandike ukweli, maana hiki si kitabu cha historia ya kampuni. Mwaka mzima wa ugonjwa wa Mzee Inokuma nilikuwa nakwenda hospitali kila Jumapili mchana kucheza naye shogi, sataranji yetu ya Kijapani. Nilianza kwa hila. Nilipanga nimwombe alinong'oneze jina langu kwenye bodi. Wiki ya kwanza nilikuwa na maneno yote tayari kichwani, akanilia farasi wangu wawili, nikasahau. Wiki ya pili nilisahau tena. Alikuwa akinitania sana. Alisema nacheza kama mkaguzi: naogopa kosa dogo, siuoni msiba unaokuja. Alikuwa akila peremende kwa siri na kuficha karatasi zake mfukoni mwangu kabla muuguzi hajaja.

Mwisho niliacha kabisa kufikiria ombi langu. Kisha akafa. Mwaka mzima wa Jumapili, na sikuomba kitu! Mtu mwenye akili zake angekuwa mkurugenzi sasa hivi.

Mke wangu Sumie aliniuliza kwa nini nimekaa na koti ndani ya nyumba. Nikamwambia nasikia baridi. Ninamkumbuka yule mzee, basi.

Jumanne, 12 Machi

Nimedhalilishwa.

Bwana Wakisaka aliniita ofisini, akafunga mlango, akanikaribisha chai ya majani mazuri, ile ya wageni. Akaniambia familia imepanga utaratibu wa kufukiza ubani. Majina yatasomwa kwa sauti, mmoja mmoja, na kila anayesomwa ataenda mbele ya picha ya marehemu. Akasema familia imeomba jina langu lisomwe la mwisho.

La mwisho! Baada ya wakurugenzi, baada ya wakuu wa matawi, baada ya wauza vyuma, baada ya yule mwenye duka la maua. Mimi ni mtu wa Akita, kaskazini huko, na makao makuu nimehamia miaka miwili tu iliyopita, lakini kuhesabu najua. Wa kwanza ni mkubwa. Wa mwisho ni nani?

Kisha Wakisaka akanitazama kama mtu anayesubiri kushukuriwa. Nikasema nitafikiria. Akashangaa. Akasema watu hawalifikirii jambo hilo, hulipokea tu. Kweli kabisa. Mnyonge hupokea.

Alhamisi, 14 Machi

Sijalala vizuri, lakini nimepata mpango, na ni mzuri hata naogopa kuuandika.

Nitambadilishia Dobashi. Yeye achukue mkia wa foleni, mimi nichukue meza.

Nilimvizia kwenye lifti. Nikamweleza pole pole, kama mtu anayetoa kitu cha thamani. Nilitarajia anicheke. Badala yake akanyamaza ghorofa nne nzima. Mtu anayeongea hata usingizini! Akaniuliza kama familia inajua. Nikasema nitaiarifu mimi mwenyewe. Akaniuliza kama mke wangu anajua. Nikamwambia mambo ya kazi siyapeleki nyumbani.

"Kaka Nukaga," akasema, na macho yalikuwa yamelowa, "mimi nimekuwa nikikusema vibaya miaka yote hii. Nisamehe. Sikujua una roho kubwa namna hii."

Akanipeleka kula mkunga wa kuchoma, akalipa yeye, akanimiminia sake, pombe ya mchele, mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Maskini. Nimemnasa, na bado ananishukuru.

Ijumaa, 15 Machi

Nimempelekea Wakisaka habari. Nikasema nafasi hiyo ni nzito kwangu, sistahili, apewe Dobashi, na mimi nibebe kazi ndogo ya mapokezi. Unyenyekevu wa hali ya juu. Nimeufanyia mazoezi chooni.

Aliniuliza mara tatu kama nina hakika. Mara ya tatu alivua miwani. Nadhani nimemgusa. Mtu wa utawala hagusiki kirahisi, na hili litakumbukwa tarehe 25.

Akasema atamweleza mjane, ingawa hajui atamwelezaje. Nikamwambia amweleze tu kwamba Nukaga ni mtu wa kazi.

Ijumaa, 22 Machi

Ibada.

Mvua tangu asubuhi. Mapokezi yamewekwa nje ya ukumbi, chini ya turubai. Nilisimama mezani na kitambaa cheusi mkononi, vijana sita nyuma yangu, nikipokea kadi za wageni kwenye sinia na kuinama. Nilihakikisha mpiga picha wa kampuni ananipata kutoka upande wa kulia. Bodi nzima ilipita mbele yangu. Niliinama kwa kila mmoja kiasi chake. Nikajiambia: Shigeo, ukurasa wako kwenye kitabu umeshapigwa chapa.

Kisha milango ikafungwa na sisi tukabaki nje na miavuli ya watu.

Majina tuliyasikia kwenye kipaza sauti. Mtoto wa marehemu. Mkurugenzi mkuu. Wengine wote. Wenye mabomba, wenye vyuma, wenye maua. Halafu msomaji akabadilisha sauti, akasema kwamba mwisho, kwa niaba ya wote waliompenda marehemu, ubani utafungwa na Bwana Dobashi wa idara ya mauzo.

Mmoja wa vijana nyuma yangu, mzaliwa wa hapa, akasema kwa sauti ndogo, "Loo, Dobashi! Kumbe mzee alimpenda hivyo?" Nikamwambia apange miavuli.

Watu walipotoka, mjane alikuja moja kwa moja mezani kwangu. Mwanamke mdogo wa umbo, kimono nyeusi, mgongo umenyooka. Nilianza kuinama. Akanishika mkono, jambo ambalo watu hawafanyi.

"Wakisaka kaniambia umeona ni mzigo kwako," akasema. "Mimi sikulaumu, mwanangu. Lakini mzee alitaka wewe umfungie. Alisema wote waliokuja hospitali walikuja na ombi, ni Nukaga peke yake aliyekuja kucheza."

Nikampa kadi yangu. Sijui kwa nini. Nilikuwa nimezipokea kadi siku nzima, mkono ukajiendea wenyewe. Akaipokea kwa mikono miwili, akainama, akaenda kwenye gari.

Baadaye, nyumbani

Nilimsimulia Sumie yote wakati wa chakula, kwa sababu nilikuwa sielewi ninachokisikia kifuani. Yeye ni mtu wa Himeji, nilimpata nikiwa tawi la Tokyo. Nilipofika kwenye lile jina la mwisho, akaweka vijiti chini.

"Baba Kotoe. Wewe umemgawia mtu ubani wa kufunga?"

Nikamwambia nimegawa mkia wa foleni.

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Akanieleza kwamba huku kwetu, yaani kwao, wakisoma majina lazima kuna mtu atanuna kwa nini fulani katangulia. Ndiyo maana familia humchagua mtu mmoja wa kufunga. Humweka mwisho yule anayestahili kuwa mbele, na yeye akikaa nyuma, hakuna mwenye haki ya kulalamika juu ya nafasi yake. Ni heshima isiyoombwa. Baba yake alimfungia ubani mwalimu wake, na mpaka anakufa alikuwa akiwasimulia watu.

Akaniuliza kwa nini sikumuuliza. Nikasema mambo ya kazi siyaleti nyumbani. Akasema, "Huyo hakuwa kazi. Huyo alikuwa rafiki yako."

Nimelia bafuni. Nimefungua maji ili Sumie asisikie. Siandiki zaidi.

Jumatatu, 25 Machi

Uteuzi umetangazwa saa nne asubuhi.

Dobashi: mkurugenzi. Tangazo limesema anaaminiwa na nyumba ya Mzee Inokuma. Bodi nzima ilimwona akifunga ubani. Nani angemnyima? Alikuja kwenye meza yangu, akainama mbele ya idara nzima mpaka nywele zikagusa mafaili yangu. Akasema hatanisahau. Namwamini, na ndiyo inayouma.

Mimi: kampuni tanzu, Toyama. Tunatengeneza huko mipira ya kuzibia pampu. Cheo changu ni mshauri. Nilimuuliza Wakisaka mshauri hushauri nini. Akafikiri kwa uaminifu kabisa, akasema mpaka sasa hakuna aliyeulizwa.

Mpiga picha ameniletea picha yangu ya mapokezi. Nimetoka nimefumba macho.

Sumie anabaki Himeji kwa ajili ya mama yake. Jioni tulikwenda pamoja nyumbani kwa marehemu. Nilifukiza ubani, mimi peke yangu, hakuna aliyesoma jina. Nilimwomba radhi. Mjane alinipa peremende mbili nikiondoka. Njiani Sumie alinishika mkono wa koti mpaka kituoni.

Nimeapa. Hila basi. Nitafanya kazi yangu kimya, nitawapenda watu kwa ajili yao wenyewe, nitauliza nisichokijua.

Jumatatu, 1 Aprili

Toyama. Theluji bado ipo milimani. Chumba changu kina dirisha linalotazama ghala la mipira. Hakuna anayenijua.

Asubuhi tulitambulishwa, sisi wageni wote, kwa mstari. Watu wapya wanane, mimi na vijana waliotoka shuleni. Safari hii nilikuwa macho. Walinipanga wa kwanza kwa sababu ya umri. Nikakataa. Nikasogea mpaka nyuma ya binti wa hesabu, nikawaachia wote watangulie, nikasimama mwisho kwa utulivu wa mtu mkubwa. Walipofika kwa binti wa hesabu kengele ya kazi ikalia na wote wakaondoka. Mwanzo mzuri. Anayeelewa ataelewa.

Mwenyekiti wa huku anaitwa Mzee Kashiwade. Ana miaka themanini na moja. Amefiwa na mke, watoto wako mbali, Jumapili hukaa peke yake. Macho yake yana utani ndani. Nilimpenda mara moja, kabisa, bila hila yoyote, naandika hapa ili ijulikane.

Wakati wa hotuba alikohoa mara mbili.

Chakula cha mchana nimemuuliza katibu wake, kwa upole tu, kama mtu anayejifunza mila za wenyeji, watu wa Toyama wakifukiza ubani humsoma nani mwisho.