Bastola ya Mwalimu Levi

Jumamosi, 5 Julai 2003. Bungoma.
Nimepanda darini kwa Senge Rispah kuziba bati linalovuja. Senge ni dada yake marehemu baba. Bati sikuliona. Nimeona kopo la biskuti, na ndani yake bastola imevishwa soksi. Ya zamani sana. Nzito. Marehemu mumewe, Mwalimu Levi, alikuwa mpole, hakuwahi kuchinja hata kuku. Watu wapole ndio huficha mambo makubwa. Nimeitia kwenye mkoba wa spana, nikamwambia Senge bati limepona. Akanipa ndizi za kumpelekea Fridah. Nikajisikia mwizi kidogo, hasa kwa sababu ya ndizi.

Jumapili, 6 Julai. Kitale.
Mpango: kujua bastola ilikuwa ya vita gani, kuandika historia yake, kuiuzia makumbusho. Jina langu liwe pale chini ya kioo: Bramwel, mtafiti. Fridah, mke wangu, amesema hiyo kitu hailali ndani ya nyumba yake. Imelala kwa kuku. Leo kuku hawajataga.

Jumatatu, 7 Julai.
Nimempelekea Salman, jirani yangu wa duka, anayeuza saa kuukuu karibu na msikiti. Amevaa miwani. Amesema ni ya Mjerumani, vita ya kwanza. Nikamwonyesha maandishi kwamba imetengenezwa Uingereza. Akasema basi Mjerumani alimpora Mwingereza. Nikaongeza kwamba Mwalimu Levi alimpora Mjerumani. Salman akavua miwani kwa heshima. Kisha nikakumbuka Mwalimu alizaliwa baada ya vita hiyo. Tukahamia vita ya pili. Alikuwa mtoto wa shule wakati huo. Tukakubaliana kwamba alikuwa na mwili mkubwa.
Shida moja. Mtutu umezibwa na chuma. Salman anasema ni kutu ya damu. Nimekwangua kwa msumari mchana kutwa. Msumari umekwisha.

Jumanne, 8 Julai.
Nimeenda cyber, duka la intaneti. Nimemwomba Leila, dada wa pale, anitafutie picha za bastola za kale. Nikaitoa yangu kwenye mfuko wa mkate ili alinganishe. Watu wote wakaingia chini ya meza. Bwana mmoja akanipa saa yake bila kuombwa. Nikamrudishia, nikaomba radhi. Leila akasema kutoka huko chini, "Brother, si ungekuja tu na picha?" Nikaondoka kabla ukurasa haujafunguka.
Salman anataka jina lake litangulie langu chini ya kioo. Tumekosana.

Alhamisi, 10 Julai.
Senge amepiga simu. Simu iko dukani kwa Salman, kwa hiyo tumepatana. Sauti yake ilikuwa ndogo. Amesema Jumamosi ni siku ya michezo kwenye shule aliyofundisha Mwalimu, na wamemwomba yeye aanzishe mbio, kwa kumbukumbu ya mumewe. "Sasa ile bastola yake ya mbio siioni. Niliiweka kwa soksi yake. Bramwel, si ulipanda huko juu? Hukuiona?"
Bastola ya mbio. Haitoi risasi, inalia tu. Ndiyo maana mtutu umezibwa tangu kiwandani. Nimemwambia nitakuja kuitafuta. Salman amesema yeye alishuku tangu mwanzo.

Jumamosi, 12 Julai. Bungoma.
Njiani polisi wamelisimamisha basi letu Kiminini. Mmoja akabonyeza mfuko wangu wa mkate, akasema mkate huu ni mgumu. Nikasema ni wa juzi. Akanionea huruma.
Mpango: kupanda darini na kuipata. Nimepanda na mfuko wangu, nikapaza sauti kwamba nimeipata. Senge alikuwa chini ameshika ngazi.
"Bramwel, jana nilipanda mwenyewe. Hakukuwa na kitu."
Kumbe alipanda, na magoti yake yale mabovu. Nikashuka polepole. Nikamweleza yote, hata makumbusho, hata kuku. Hakunigombeza. Aliifuta bastola kwa leso yake, akaniambia, "Kumbe unataka historia? Si ungeniuliza? Kaa chini, baba."
Akasimulia. Alikuwa msichana wa shule, kwenye mbio za wasichana. Akaanguka hatua chache tu baada ya mlio. Mwalimu Levi, kijana mgeni, akafyatua tena, akawarudisha wote, akidai wameanza vibaya. Hakuna aliyekuwa ameanza vibaya. "Nilimaliza wa nne," akasema Senge. "Lakini jioni alikuja nyumbani kuuliza kama goti linauma. Baba yangu akamwambia, Mwalimu, waliokimbia ni wengi, mbona unauliza goti moja?"
Uwanjani Senge alifyatua. Watoto wakaenda. Yeye akabaki ameinua mkono, moshi ukimpita usoni, mpaka nikaenda kumshika mkono huo. Alikuwa anatabasamu. Mimi nilikuwa na vumbi machoni.

Jumapili, 13 Julai. Kitale.
Fridah amesema anatumaini nimejifunza. Nimemwambia nimejifunza sana.
Ila pale shuleni kuna kengele. Kipande cha chuma kinene kimening'inia kwenye mti, na pembeni kina herufi zilizofutika. Jana nilimwambia mwalimu mkuu kinahitaji kusafishwa na mtaalamu. Alifurahi. Kwa maoni yangu kimetoka kwenye meli ya kivita. Salman ameuliza meli ilifikaje Bungoma. Nimemwambia hiyo ndiyo historia yenyewe.