Bingwa Marehemu wa Uzito wa Kati na Mwakilishi Wake

Wananchi wa Kakamega wanaarifiwa, kwa fahari kubwa, kwamba mwaka huu uzito wa kati umefanya vizuri kuliko mwaka mwingine wowote. Hakuna bondia aliyevunjika pua. Hakuna aliyetoka jasho. Hakuna aliyehudhuria.

Haya ni matunda ya Ligi ya Kihistoria ya Ndondi, ambayo mimi, Sydney Andati, ni Katibu Mtendaji wake. Kwa wale ambao maendeleo bado hayajawafikia: tulichukua mabondia wa zamani wa huku kwetu, wengi wao marehemu, tukawaingiza kwenye tarakilishi, na humo ndani wanazichapa kila Jumamosi. Tarakilishi yenyewe tumeiweka juu ya meza, katikati ya ulingo wa ukumbi wa Lurambi, kwa kuwa kanuni inataka ngumi zipigwe ulingoni.

Mabondia walio hai tuliwatoa nje. Walikuwa na kelele. Mmoja aliwahi kuchomoa waya kwa mguu, bingwa akapoteza fahamu raundi ya tatu. Ndondi haziwezi kuendeshwa katika mazingira kama hayo.

Waliotolewa ni Jael Awinja na wasichana wake. Jael ni bondia wa uzito wa kati, mama wa mtoto mchanga, na ndiye aliyekuwa akiwafunza ngumi wasichana wa mtaa wakitoka shule. Tangu hapo walikuwa wakipiga gunia la maranda lililoning'inizwa chini ya paa la nje. Na mvua yetu mnaijua. Ikifika alasiri inaingia bila kubisha hodi. Kamati iliwatakia kila la heri.

Ajenda ya kikao cha tathmini ilikuwa moja. Kanuni yetu inasema ukumbi ni wa bingwa wa uzito wa kati. Bingwa ni Jembe wa Matungu, aliyefariki kabla sijazaliwa. Kwa kuwa hali yake haimruhusu kushika ufunguo, ufunguo unashikwa na mwakilishi wake, Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Lazarus Shitanda. Siku hiyo tulitaka kupitisha kwamba ukumbi uwe wa Jembe milele, na wasichana wa Jael wasahau kabisa mlango wake.

Nilisoma ripoti. Ukumbi ulijaa: mama za wasichana, wauza sokoni, watu wa bodaboda. Nilifika mahali pa majonzi.

"Mwezi wa Mei tulimpoteza Miwa Mirefu wa Kabras," nikasema. "Stima zilipotea katikati ya pambano, na ziliporudi, yeye hakurudi. Tusimame kimya."

Mzee mmoja aliyevaa gambuti akabaki amekaa. "Miwa Mirefu ni mimi," akasema. "Nimekuja na baiskeli."

"Mzee, rambirambi zetu zilishatumwa."

"Kwa nani?"

"Kwako."

"Sijapata."

Nikamweleza kwamba njia ya rufaa iko wazi kwa kila marehemu. Tukaendelea.

Jael akainuka kule nyuma, mtoto wake Cindy mgongoni. "Katibu, huyo Jembe ametetea taji lini?"

"Jumamosi iliyopita."

"Nani alimwona?"

"Wendy." Nikamwonyesha Wendy, Afisa wetu wa Tarakilishi, aliyeketi ulingoni. Akapunga mkono.

"Basi na mimi nataka kupigana naye. Nikimshinda, ukumbi ni wetu."

Watu wakapiga makofi. Wendy akatikisa kichwa. "Haiwezekani, dada. Mfumo unauliza mwaka wa kufariki. Ukiacha pale wazi, unakukataa."

"Kwa hivyo ningoje nife?"

"Itarahisisha mambo," nikamjibu kwa upole.

Mwenyekiti akaona ni busara tule kwanza ndipo tupige kura, kwa sababu mtu aliyeshiba huinua mkono bila maswali. Quinter, mpishi wetu, akaleta obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku. Halafu akasimama na bakuli mkononi, hakai, haendi.

"Imondo nipee nani?" akauliza.

Shingo zote zikamgeukia. Mgeni anaweza kudhani ni firigisi ya kuku tu, kipande cha kutupia kinywani. Lakini kwetu imondo haimegwi ovyo. Anayeila mbele ya watu ametangaza kwamba boma ni lake: wageni ni wake, na fujo ikija usiku, wa kwanza kutoka ni yeye.

"Kwetu anakulanga mwenye boma," Quinter akasema. "Hapa mwenye boma ni nani?"

"Bingwa," watu wakajibu.

"Na bingwa si marehemu?"

Mwenyekiti akavuta bakuli. "Quinter, usitupotezee muda. Mimi na Jembe ni mtu mmoja. Mkono wake ni huu. Tumbo lake ni hili." Akaweka imondo mdomoni, akatafuna polepole, macho amefumba. Nilijivunia sana uwakilishi wa kiwango hicho.

Jael akangoja ameze. Ana adabu, hilo simnyimi.

"Mheshimiwa, bingwa ameshiba?"

"Ameshiba, Mama Cindy. Sana."

"Basi apande ulingoni. Niko tayari."

Mwenyekiti akacheka. Akatazama kama kuna mwingine anayecheka. Hakumpata.

"Mimi namwakilisha mezani tu," akasema.

Ningetamani asingelisema. Mama mmoja akashika kiuno. "Ati mezani tu? Umekula imondo, sasa fujo imekuja unajificha kwa blanketi?"

"Toka nje, mwenye boma!" mtu wa bodaboda akapaza sauti.

Hata Miwa Mirefu, pamoja na kufariki kwake, alikuwa akicheka hadi machozi.

Kamati ikakutana kwa dharura nyuma ya mlango. Mwenyekiti alinishika ukosi. "Andati, fanya kitu. Huyo mwanamke ana mikono kama mchi."

Nikapendekeza tuseme bingwa ni mgonjwa, lakini Jael alikuwa ametufuata. "Mgonjwa gani anakula hivyo?" akauliza. Hapo elimu yangu ikanijia. Ukumbi una mizani, tuliyokuwa tukiitumia kuzuia mlango usifungwe na upepo. Nikaiburuta hadi katikati.

"Waheshimiwa," nikatangaza, "hakuna pambano bila kupima uzito. Uzito wa kati ni kilo sabini na tano, si zaidi."

Mwenyekiti akanielewa, Mungu ambariki. Alipanda mizani kwa furaha, na viatu, na koti, na ufunguo mfukoni. Mshale ukakimbia hadi mwisho wa namba, ukagonga, ukabaki hapo ukitetemeka.

"Amezidi!" nikapiga kelele. "Bingwa amezidi uzito! Hakuna pambano!"

Kamati ikapiga makofi. Mwenyekiti akainua mikono yote miwili kama mtu aliyeshinda. Tulikumbatiana.

Makofi yalipokwisha, tukagundua tulikuwa tunapiga peke yetu.

"Wendy," Jael akasema, taratibu kabisa, "bingwa akizidi uzito, taji linaenda wapi?"

Wendy akatutazama kwa huruma. "Analipoteza hapo hapo kwenye mizani. Na mpinzani akitimiza uzito, anapewa ushindi bila kurusha ngumi. Hata mfumo wenyewe unafanya hivyo."

Jael akafungua leso, akamtoa Cindy mgongoni. "Nishikie huyu kidogo, Katibu." Sikuwa nimepangiwa kazi hiyo, lakini mtoto alikuwa tayari mikononi, ana joto, ananukia maziwa. Jael akavua viatu, akapanda. Mshale ukapanda, ukapunguza mwendo, ukasimama unywele mmoja chini ya sabini na tano.

Sikumbuki nani alimtoa Mwenyekiti ufunguo mfukoni. Nakumbuka mvua ilianza kupiga mabati, na wasichana wakaingia mbio na gunia lao la maranda, mmoja akilia na kucheka pamoja. Meza ya tarakilishi ikabebwa nje, chini ya paa. Kamati ikaifuata, kwa sababu palipo na Jembe ndipo palipo na ofisi. Mwenyekiti alivua koti akamfunika bingwa wake asilowe.

Mimi nilibaki ndani. Kila nikijaribu kumrudisha mtoto, mama yake alikuwa akimfundisha mtu kukunja ngumi.

Baadaye Mwenyekiti akasukuma mlango, maji yakimtiririka shingoni, kidole juu, mdomo umefunguka kwa hotuba yake ya kupinga matokeo. Miaka yote niliyomtumikia sijawahi kumkatiza neno.

"Nyamaza," nikamwambia. "Mtoto amelala."