Mbuzi Kwanza, Cheni Baadaye

Jumatatu, 4 Agosti

Niko na miaka sabini na nane. Nimeishi kuliko machifu watano, njaa ya mahindi ya manjano, redio tatu, meno kumi na moja, na daktari aliyeniambia nipunguze chumvi. Chumvi bado nakula. Daktari tulimzika.

Naandika kwa daftari ambayo mjukuu wangu Musili aliacha nusu. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu. Lakini mwalimu alinituma kufuta ubao kila mahali, kwa hivyo ya darasa la saba pia niliyaona.

Leo pikipiki imeniaibisha. Cheni imetoka kwa mlima, hapa Kangundo, siku ya soko. Na kati ya watu wote, aliyekuwa amesimama pale ni Ngui. Ngui ni mdogo wangu kwa miaka miwili lakini anatembea kama aliyenizaa. Alisema ati amenisikia tangu kanisani, akafikiri ni kanga wanafukuzwa shambani. Watu wakacheka. Nikamwambia cheni yangu inalia kwa sababu inafanya kazi. Yake haisikiki kwa sababu hana. Hapo watu wakamcheka yeye. Lakini aliyesukuma mpaka nyumbani ni mimi.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi tunapeleka mbuzi wa ntheo, wale wa posa. Wale wakipokelewa, msichana ni wetu. Wasipopokelewa, hata mkiwa na picha za studio bado mnaongea tu. Musili anataka kuoa Ndinda, na Ndinda ni mjukuu wa Ngui. Ukambani yote hii, Musili aliona boma moja.

Nimeamua mbuzi wa mbele nitambeba mwenyewe kwa pikipiki. Kamanthe, bibi yangu, amesema nitapanda pikapu na akina mama, nishikilie mikoba. Tumebishana mpaka uji ukapoa. Mwisho amekata maneno. Nikifika kwa Ngui bila kusukumwa, funguo inabaki kwangu. Nikisukumwa hata hatua moja, pikipiki ni ya Musili na mimi nitakuwa naomba kubebwa mpaka kwa kinyozi.

Nimekubali haraka. Hiyo haraka imemtia wasiwasi.

Jumanne, 5 Agosti

Ndinda ni fundi wa pikipiki. Ako na kibanda pale stegi, na cheti chake amekifunika na plastiki. Alipita asubuhi kumletea Kamanthe mboga, akainama kuangalia cheni yangu kama nesi anaangalia kidonda. Akasema, umau, hii ni kavu na imejaa vumbi, hakuna ugonjwa mwingine. Isuguliwe na brashi na mafuta taa, ipanguswe ikauke, halafu oili, tone moja kwa kila kiungo huku gurudumu likizungushwa. Dakika ishirini. Hata hatuitoi.

Umau ni babu. Ameniita babu kabla mbuzi hajatoka kwa boma. Msichana wa haraka.

Nikamwambia asante mwaitu, mama yangu, lakini mbuzi kwanza. Mpaka mbuzi wapokelewe, mkono wako ni wa Ngui, na mkono wa Ngui haugusi cheni yangu. Nikikubali leo, Ngui atatangaza soko lote ati nilifika kwake kwa msaada wake. Ndinda akacheka. Akasema basi nikiitoa, nichunge ile klipu ndogo inayoshika cheni isifunguke. Iko na mdomo. Mdomo uangalie nyuma, cheni ikienda mbele.

Nilisema nimesikia. Sikusema nimekubali.

Akienda tu nikaitoa. Nimeosha na sabuni ya unga ya Kamanthe, maji moto, na ile waya ya kusugua sufuria. Imeng'aa kama kijiko cha wageni. Nimeianika kwa kamba ya nguo, kati ya shuka na shati yangu ya kanisa.

Jumatano, 6 Agosti

Umande umeanguka. Cheni ni nyekundu. Shati ya kanisa pia. Kamanthe amechukua hiyo shati, ameivalisha kiti changu, na akaipa kikombe cha chai.

Sikushtuka. Wakati wa ng'ombe wangu tulipaka mkokoteni mafuta ya mbuzi, na ulienda mpaka Lukenya kubeba mawe bila kulia. Nikachukua mafuta yote yaliyokuwa kwa kopo, nikapaka cheni mpaka ikanona. Nikairudisha. Nikatoka nayo kwenda kuijaribu.

Haikulia. Naandika tena, haikulia.

Kwa duka la Gatimu nikaona mbwa wawili nyuma. Kwa buchari wakawa saba. Ngui alikuwa kwa kinyozi, kichwa nusu, akatoka nje na shuka shingoni. Akaniuliza, mzee Kimanzi, unaoza ama unaoa? Nikaongeza mwendo. Mbwa pia wakaongeza. Mmoja, wa rangi ya chai ya maziwa, alinifuata mpaka nyumbani, akalala karibu na gurudumu, akaanza kulamba. Kufika jioni alikuwa amemaliza. Cheni ni kavu kuliko Jumatatu.

Mbwa nimemwita Ngui. Kamanthe amekataza. Ati tutakuwa wakwe.

Alhamisi, 7 Agosti

Jibu nimelipata nikifunga viatu. Nta.

Niko na mizinga sita ya magogo, mingine ilichongwa na baba. Nta haiogopi umande, haishiki vumbi, na hakuna mbwa anayeitaka. Hii Ndinda hawezi kuwa alifundishwa, kwa sababu mimi ndio nimeigundua leo.

Kamanthe akaenda mkutano wa akina mama. Nikaweka masega kwa sufuria kubwa, moto wa polepole, nikazamisha cheni yote kama matumbo. Ikachemka vizuri. Nikaitundika kwa msumari, nta ikashika, na cheni ikawa rangi ya dhahabu. Nimeiangalia mpaka shingo ikauma.

Sufuria ilikuwa ile ya muthokoi, mahindi ya kukoboa. Niliisugua, si ati sikuisugua. Lakini muthokoi wa jioni ulikuwa na mng'ao, na kila punje imekaa peke yake kama imegombana na zingine. Musili alisema unateleza vizuri. Kamanthe aliniuliza swali moja tu. Nikakumbuka mbuzi hawajafungiwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nyuki.

Masega yangu hayakuwa nta peke yake, yalikuwa na asali kidogo ndani. Nyuki wamejua kabla yangu. Kufika saa nne walikuwa wamejaa kwa msumari hadi cheni haionekani. Kamanthe amefungua dirisha kidogo akauliza, kesho unabeba mbuzi ama unabeba mzinga? Nimemwambia pikipiki yenye nyuki haiibiwi. Nikaenda karibu kuonyesha siogopi. Jicho la kushoto sasa limefunga.

Ndinda amemtuma Musili na mkebe wa oili. Amesema si lazima aniguse cheni, nipake mwenyewe. Mkebe ni mzuri. Nimeweka redio juu yake na sasa inashika stesheni mbili zaidi.

Jioni baridi ikawafukuza nyuki. Nimefunga cheni. Klipu nimeiweka mdomo mbele. Sijawahi kuwa na kitu kinachoenda huku kikiangalia nyuma. Jumatano niliiweka hivyo hivyo na haikutoka, kwa hivyo ushahidi ninao.

Nimezungusha gurudumu. Kimya kabisa. Kamanthe pia amesikia huo kimya, nimemwona.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa nimeshiba.

Tulitoka saa tatu. Mimi mbele, jicho moja, kofia, koti la harusi yangu. Mbuzi mweupe mbele yangu juu ya tangi, miguu imefungwa na sisal, kichwa juu kama diwani. Nyuma yetu pikapu, na ndani Kamanthe, Musili, mbuzi wengine, na Nzembi, mwimbishaji wa kanisa, aliyebeba kiondo cha zawadi magotini.

Kilima cha kwanza tukapanda. Hakuna sauti. Watu wakiwa shambani wakasimama na majembe kuangalia. Nilipunguza mwendo ili waangalie vizuri.

Boma la Ngui liko chini ya kilima cha pili, njia ya Kathiani. Nilipofika juu kabisa nikasikia ta! Kitu kikanipiga kisigino. Injini ikaanza kupiga kelele peke yake, bila kwenda popote. Nikaangalia chini na jicho nililokuwa nalo. Cheni haikuwepo.

Nikaona funguo ikienda kwa Musili. Nikajiona kwa pikapu na mikoba. Nikazima injini nisisikie.

Halafu nikagundua bado tunaenda. Mteremko. Pikipiki ilikuwa inashuka yenyewe, bila cheni, bila injini, bila mtu wa kusukuma. Upepo kwa koti tu. Hata mbuzi alinyamaza, nafikiri alikuwa anaomba. Chini kule geti limefunguliwa, na Ngui amesimama na watu wake wote. Nilipiga breki mbele ya viatu vyake.

Nilimwona Ngui akiwa na yale maneno ya kanga tayari mdomoni. Akayameza. Akazunguka pikipiki upande mmoja tu, ule ambao cheni huwa haionekani, nashukuru. Akasema, Kimanzi, hii haisikiki hata kidogo. Kavindu, bibi yake, akapiga vigelegele. Nikasema, ni nta.

Pikapu ikafika ikiwa imechelewa. Nzembi akashuka na kiondo, akaniangalia kwa njia ambayo sikuipenda.

Wazee wakakaa. Mbuzi wakaangaliwa meno, wakaangaliwa masikio, wakapokelewa, wakafungwa kwa Ngui. Ndinda ni wetu. Halafu akina mama wakamwaga zawadi kwa mkeka. Sukari. Unga. Leso. Majani ya chai. Na cheni yangu, ikajikunja katikati ya leso, na nyuki wawili juu.

Dereva wa pikapu alikuwa ameiona barabarani akafikiri ni nyoka. Nzembi akaiokota. Hakujua aiweke wapi.

Ngui akaiinua na vidole viwili. Akauliza pole pole, kwa hivyo mzee wangu, wewe umekuja na nini? Kamanthe akafungua mkoba na akashika funguo ya pili, ile anayoweka.

Nikasimama. Nikasema sisi si watu wa kuleta leso na kuondoka. Mtoto wenu ni fundi. Fundi huletewa kazi.

Ndinda akatoka jikoni na nguo yake mpya, akapokea cheni na mikono yote miwili, kama leso zingine. Akaniuliza, umau, sasa mbuzi wamekula nyasi ya hapa. Mkono wangu ni wa nani?

Nikasema ni wetu. Ngui alikohoa.

Basi akafunga leso kiunoni. Akaleta beseni, mafuta taa na brashi. Nta ikatoka, kutu ikatoka, mafuta ya mbuzi yakatoka, hata na unywele wa mbwa. Maji ya beseni yakawa kama historia ya wiki. Akapangusa. Akafunga. Klipu akaigeuza mdomo nyuma na akaniangalia. Nikaangalia mlima. Musili akazungusha gurudumu, yeye akidondosha oili, tone, tone. Na aliyeshika mkebe alikuwa nani? Ngui. Ngui amenishikia mkebe wa oili mbele ya ukoo wake wote. Nilimwambia asogee karibu kidogo.

Akasema pole pole nisikie mimi tu, ati ule mteremko niliushuka vizuri. Nyama ilipoletwa, nikampatia kipande changu cha figo.

Kamanthe akauliza kwa sauti, kuna mtu aliyemsukuma huyu? Dereva akasema hapana. Nzembi akasema hapana. Ngui akafikiria sana, akasema hapana. Kamanthe ni mtu wa neno lake. Funguo imebaki kwangu. Ameongeza tu kwamba kila mwisho wa mwezi cheni iende kwa Ndinda, na nimekubali, haraka.

Tulirudi pamoja, mimi na Kamanthe nyuma yangu. Alikaa upande, akanishika koti. Miaka mingi hajapanda. Kilima chote hakuna sauti isipokuwa yeye akiniambia nipunguze mwendo.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimefikiria yote kwa utulivu, jicho limefunguka.

Oili ni sawa. Lakini inapaka suruali. Na nani hajui sasa kwamba nta ni kali zaidi? Nta peke yake ilinifikisha kwa Ngui hata bila cheni. Ikiwa na cheni itafika wapi? Ndinda hawezi kuchukia akipata imeboreshwa.

Kwa hivyo nimeitoa, nimeipangusa oili yote na soksi. Kamanthe ameficha sufuria ya muthokoi lakini ya chai iko. Masega mara hii nimeyakamua kwanza, mtu hujifunza. Klipu nikirudisha nitaigeuza mdomo mbele. Mbwa wa rangi ya chai amerudi mwenyewe na amekaa pale pale, anangoja.

Kesho naenda Lukenya kumwona binamu. Ni mbali, na njia ya kwenda yote ni kupanda.

Mwenye shaka na haya niliyoandika asimwulize Ngui, yeye alikuwa anaangalia mbuzi. Amwulize Nzembi, mwimbishaji. Atasema niliingia bila kusukumwa na bila kusikika. Na akianza kuongea habari ya cheni, mwambieni hamkumwuliza hiyo.